Madame Adèle na Fundo la Pili

Tarehe 2 Julai 2025, Madame Adèle anastaafu baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na minne. Miaka yote hiyo aliitumia katika shule yetu ya Mangobo, akija kwa miguu, hata siku ambazo mvua ilituzuia sisi wanafunzi nyumbani.

Mwaka 2019 alianzisha blogu ya darasa kwa simu yake mwenyewe. Tuliandika kwanza daftarini. Wenzetu watatu waliuliza maswali kwa penseli chini ya ukurasa, tukaandika upya, na Jumamosi yeye akaweka insha mtandaoni. Jumatatu alinakili maoni ya wasomaji ubaoni.

Siku moja alirekebisha insha ya mwenzetu Déborah kuhusu kukausha samaki kwa moshi, akaongeza kwamba moto lazima uwake sana. Bibi yake Déborah, aliye Yanonge, akaleta maoni: "Mutoto aliandika muzuri. Ni weye Madame uliharibisha, moto mukubwa unaunguza samaki." Madame aliyasoma mbele ya darasa huku akicheka, na hajayafuta mpaka leo. Tangu hapo hakurekebisha tena jambo asilolijua.

Kaswera alifika kwetu Februari mwaka huu pamoja na shangazi yake, wakikimbia vita Kivu ya Kaskazini. Papa yake, yaani baba yake, mfanyabiashara wa maharage, walipotezana naye njiani. Kaswera alitaka kuandika jina la papa yake kwenye blogu ili amtafute. Madame alikataa, akihofia kumhatarisha mtu ambaye bado anakimbia, na kukataa huko kulimliza yeye mwenyewe. Ndipo mwenzetu Fortunée akaandika swali lake la penseli katika daftari la Kaswera: ni kitu gani ambacho papa yako peke yake angekitambua?

Kaswera akaeleza jinsi papa yake anavyofunga gunia: sindano ndefu, uzi wa katani, fundo moja, kisha makofi mawili juu ya gunia kama anayemuaga mgeni. Hakutaja jina lolote. Kila Jumatatu alisoma ubao wote kabla ya kukaa. Zilipita Jumatatu kumi na moja.

Ya kumi na mbili, ubaoni kulikuwa na mstari mmoja tu: "Mutoto yangu, ulisahau fundo ya pili."

Insha hiyo haijarekebishwa. Kaswera anamngoja papa yake aje amwonyeshe fundo hilo kwa mikono yake.

Madame Adèle, tunakushukuru. Blogu sasa iko mikononi mwetu, na penseli tumezichonga. Upumzike kwa afya na furaha. Jumamosi utusome, na ukiona tumekosea, utuandikie chini.