Mtu wa Alama za Mikono: Tunamuaga Mwalimu Marieta Wanzagi

Mwalimu Marieta Wanzagi anastaafu leo, Ijumaa ya tarehe 12 Juni, baada ya kufundisha miaka thelathini na sita. Miaka kumi na tisa ya mwisho ameitumia hapa shuleni kwetu Guta. Kamati ya wazazi imeniomba niandike machache ya kuweka kwenye ratiba ya sherehe. Nikawaambia wapo waliosoma kunizidi. Wakasema, "Andika wewe Mama Dotto, wewe ndiye unamjua." Basi nimeandika. Palipopinda, mtanyoosha wenyewe mkisoma.

Mwalimu ni mtoto wa wakulima wa Butiama, na kazi alianzia Kiabakari. Huko darasani kwake aliletwa msichana kiziwi, Dorah, ambaye kwao walikuwa wanamwita kwa kumrushia kijiwe kidogo ageuke. Mwalimu hakukipenda kile kijiwe. Akauliza kila mtu ni nani anajua kuongea na viziwi, mpaka akaelekezwa Musoma, mtaa wa Mwisenge, kwa fundi cherehani Hamduni, naye kiziwi.

Fundi Hamduni alikuwa na wateja mpaka nje ya mlango, hana muda wa wageni. Mwalimu akaona njia ni moja tu, awe mteja. Kila Jumamosi akawa anaenda na kitambaa, na wakati anapimwa mabega na kiuno anajifunza lugha ya alama. Ndiyo maana ana magauni mengi kuliko walimu wote mnaowajua. Sisi tulikuwaga tunasema mama huyu anapenda kuvaa. Kumbe kila gauni ni somo! Lile la maua ya njano ni siku za wiki, na hili la kola kubwa alilovaa leo ni kujumlisha na kutoa.

Alipohamia Guta akaanza kupokea watoto viziwi katika madarasa ya chini, wakae dawati moja na wenzao wanaosikia. Alifundisha kwa mdomo na mikono pamoja, hata wanaosikia wakaijua lugha hiyo, na wakawa wanaitumia kupiga soga wakati wa ukaguzi.

Kwangu mimi alianza na jina. Nina mapacha, Kulwa ni wa kike anasikia, Dotto ni wa kiume ni kiziwi. Mtaani waliniita Mama Kulwa, na Dotto hakuna aliyemtaja. Siku nawaandikisha shule, Mwalimu akaniangalia akasema, "Karibu, Mama Dotto." Nikatafuta nyuma yangu kama kuna mtu mwingine.

Shida ilikuwa Darasa la Nne. Walimu wa huko ni wazuri, ila lugha ya alama hawaijui, na Mwalimu Marieta hawezi kuwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Kulwa wangu akawa ndiye anamgeukia kaka yake na kumwambia mwalimu amesema nini. Akimaliza kumwambia, ubao umeshafutwa. Dotto alipata nusu ya somo, na Kulwa naye nusu. Mwalimu akatuita wazazi akasema, "Huyu binti ni mwanafunzi, msimfanye mfanyakazi. Na mimi karibu naondoka. Nendeni mkaombe mkalimani."

Tukaenda watatu kwa afisa elimu, ofisini kwake: mimi, Mzee Magesa mvuvi, ambaye mjukuu wake ni kiziwi, na Bi Mwanaupe mwenye duka la vitenge Bunda mjini, mama yake Faudhia, binti ambaye naye ni kiziwi. Njiani tulikubaliana aseme Mzee, kwa sababu ana sauti.

Mzee akasimama akasema, "Bosi, tumekuja kuomba mtu wa alama."

Afisa akajibu, "Alama za mtihani zimebandikwa shuleni, mzee wangu. Nendeni mkaangalie."

"Siyo hizo, bosi. Hizi ni alama za mikono."

Afisa akaweka kalamu chini. "Za mikono? Watoto wana alama mikononi?"

"Wote!" akasema Mzee Magesa kwa furaha, akiona sasa ameeleweka. "Tena kila siku!"

"Nani anawachapa?"

Bi Mwanaupe akajaribu kurekebisha, lakini afisa alikuwa ameshainuka na funguo za gari mkononi, anakwenda zake, akisema kesho atakuwa Guta. Tukatoka pale hatuna mkalimani, tuna kesi ya viboko.

Mwalimu Marieta alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akajipangusa macho akasema, "Acheni aje. Tungemwalika angekataa."

Akaja kweli, siku ya pili yake, amekunja uso. Akataka aone mikono ya watoto, mmoja mmoja. Dotto akanyoosha yake, safi, haina hata mkwaruzo. Afisa akamuuliza nani huwa anawapiga. Mwalimu akatafsiri. Dotto akajibu hakuna. Halafu akaendelea kuongea, akachora mviringo mkubwa mbele ya tumbo lake, na darasa zima likaanza kucheka, viziwi na wanaosikia.

"Amesema nini?" akauliza afisa.

Sisi wazazi watatu tulikuwa mlangoni, tumefuata kuona kesi yetu. Wanaowajua viziwi wanajua kwamba kila mtu wanampa jina kwa kile kinachoonekana kwanza. Na kwa yule baba, kilichoonekana kwanza hakihitaji kuelezwa. Bi Mwanaupe akakohoa. Mimi nikamkonyeza Mwalimu, nikimaanisha sema chochote, sema mheshimiwa, sema mgeni. Ombi letu lote lilikuwa limekaa juu ya lile tumbo.

Mwalimu Marieta akasimama wima na gauni lake. "Amesema wamekupa jina. Jina lako ni Kitambi."

Mzee Magesa akaangalia dari.

Afisa akauliza taratibu, "Mwalimu, hukuweza kulipunguza kidogo?"

"Mkalimani hatii sukari, mheshimiwa. Nikitia leo kwako, kesho nitatia kwa daktari, mtoto anaumwa kichwa mimi niseme anajisikia vizuri."

Yule baba akajitazama tumbo, akacheka mpaka tumbo lenyewe likacheka. Kisha akauliza swali ambalo sisi tulishindwa kuliuliza ofisini: "Na wewe ukistaafu, nani ataniambia watoto hawa wamesema nini?"

"Ndilo hilo wazazi walilokuja kuuliza," akasema Mwalimu.

Mkalimani hakuja kesho yake. Tulirudi ofisini mara nyingi, safari hizi Mzee Magesa akiwa ameombwa anyamaze. Lakini Januari mwaka huu mkalimani akaripoti. Anaitwa Gasper, kijana aliyesomea kazi hii, na anasimama mbele ya Darasa la Tano, waliko sasa mapacha wangu, pembeni ya mwalimu, mikono haipumziki. Afisa wetu yupo leo meza kuu. Ameturuhusu kuisimulia habari hii, na watoto wakimsalimia kwa jina lake anaitika.

Sifa nyingine za Mwalimu ni nyingi, walimu wenzake watazisema. Mimi nataka kusema jambo moja la mwezi Machi. Kulwa aliugua malaria akalala nyumbani siku kadhaa. Jioni moja nikiwa naandaa chakula, Dotto akaingia, akachukua kiazi kitamu kwenye sufuria, akakikata katikati mbele ya dada yake. Akakata tena. Akamwonyesha robo, akaunganisha robo mbili, akamwonyesha nusu. Kulwa akauliza, Dotto akamjibu, akarudia mpaka akaelewa. Lilikuwa somo la darasani la siku ile. Mtoto wangu aliyekuwa anasubiri makombo ya somo alikuwa anamfundisha mwenzake, na mimi nimesimama na mwiko sijui niuweke wapi.

Asubuhi nikamfuata Mwalimu Marieta kumweleza. Alisikiliza yote, akaketi kwenye ngazi ya darasa, akavua viatu, akainyoosha miguu juani. Akasema, "Basi naweza kwenda."

Kwa niaba ya wazazi wa Guta, wanaosikia na wasiosikia, asante Mwalimu wetu. Mungu akupe afya, shamba lako la Butiama likuzalie, na siku zako ziwe za raha. Nenda umepumzika moyo. Watoto wana mtu.

Mama Dotto