Mlango wa Kabati la Chumvi

Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyonayo ni ya mara moja. Habari hii alinipa shangazi yangu, yule fundi cherehani, mwaka nilioanza kazi, tukiwa jikoni mwa nyumba hii, naye hakuirudia tena maishani mwake.

Mama yangu, bibi yenu msiyemjua, alianza kunyauka mimi nikiwa bado nanyonya. Alikonda, mikunjo ya viganja vyake ikawa myeusi kama ya aliyeshika masizi, na hamu yake yote ikawa chumvi, anailamba kiganjani mchana kutwa. Baba alikuwa amesikia kwamba chumvi huua watu kwa presha, basi akaifungia katika kabati lile la jikoni, ufunguo akauvaa shingoni. Mama alicheka, akamwambia, "Kumbe umeoa mbuzi, mume wangu. Nifunge na kamba basi." Baba akajibu, "Nataka tuzeeke wote." Kabla mvua hazijakatika, mama alikutwa sakafuni mbele ya kabati, kucha zake zimejaa rangi ya mlango. Wajomba zangu walisema baba kamuua, wakakata mguu hapa. Baba mwenyewe, siku zake za mwisho, alikuwa akipapasa shingo, akitafuta ufunguo alioutupa zamani.

Tangu utotoni nilikuwa nasikia kitu kikikwaruza jikoni, nikidhani ni panya. Shangazi alipomaliza kusimulia, sikuweza tena kudhani ni panya.

Ugonjwa wa mama tuliujua pale kitindamimba wenu huyu alipoanguka shuleni, daktari akatueleza kwamba juu ya kila figo pana tezi ndogo, na zake zimekufa, ndiyo maana mwili wake haushiki chumvi. Vidonge vyake vinafanya kazi ya tezi hizo, kama mashine ya kuchuja damu ilivyokuwa ikifanya kazi ya figo zangu. Mashine sasa moyo wangu hauiwezi. Vidonge bado vinamtosha yeye.

Jana mchana nikasikia tena mkwaruzo. Nikajikongoja nikishika ukuta, nikamkuta kitindamimba mbele ya kabati, anahangaika na kufuli jipya. Kifunguamimba, uliifungia chumvi kwa sababu mimi nimekatazwa, nami nakushukuru. Lakini uliponifungia mimi, ulimfungia na yeye. Nawe kitindamimba, uliniambia vidonge umeviacha, umechoka kuitwa mgonjwa. Mwanangu, bibi yako hakuwa na cha kuacha.

Nyumba ni yenu nyote. Kabati ni la kitindamimba. Ung'oeni mlango wake leo, nisikie bawaba zikitoka. Mpelekeni kwa daktari. Homa ikimpata, dozi iongezwe kama alivyoagizwa. Akitapika, msingoje, akachomwe sindano.

Nipeni maji… yale yale ya kipimo cha daktari. Basi, yanatosha. Radhi zangu ziwafunike nyote, mlipo na mtakapokwenda.

Mama hayupo. Baba hayupo, shangazi hayupo, wajomba wamekwisha… Mimi nihesabuni na hao. Aliyebaki wa kuokolewa ni wewe, kitindamimba. Sogea hapa. Meza kidonge, nikuone.