Mugambi na Klabu Zilizomfungia Lango

Mchungaji, wazazi, ndugu na marafiki, mimi ni Nkatha, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yote, hata yale yanayonitia kinyaa.

Stephen Mugambi alizaliwa Nkubu, Meru, tarehe 14 Machi 1979, akiwa wa pili kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi hapo nyumbani hadi 1993, akamaliza kidato cha nne 1997, kisha akasomea uuguzi na kuhudumu Meru hadi alipokuja Sydney Februari 2009. Alipanga nyumba na wenzake Kensington, akisafisha ofisi za mjini huku akisubiri leseni ya uuguzi, na alipoipata akaajiriwa hospitalini. Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na Jerotich, wakahamia Penrith, wakajaliwa mabinti wawili, Kendi na Chebet.

Aprili 2020, jirani yao alihamishiwa nyumba ya wazee, akaacha mbwa wawili aina ya haski, wale wa kuvuta sleji kwenye theluji, ambao hakuna aliyewataka, Mugambi akawachukua. Walichimba ua mzima na kubomoa uzio, mpaka daktari wa mifugo akamweleza kwamba mbwa wa aina hiyo huhitaji kazi ya kuvuta, basi akanunua kamba na skuta isiyo na injini, ya kuvutwa na mbwa, akaanza kutafuta klabu ya mbio hizo.

Klabu ya kwanza ilimjibu kwamba kwa sababu ya korona haipokei wanachama wapya, lakini wiki hiyo hiyo mwenzake wa wodini, mzungu asiye na mbwa hata mmoja, alitumiwa fomu siku aliyoomba. Mugambi alipopiga simu kuuliza, katibu alimwambia, na Jerotich alisikia kwa masikio yake, "Ninyi watu si mnaogopa mbwa?"

Tarehe 5 Juni 2021 aliendesha gari kwa muda wa saa tatu hadi klabu ya pili, wakamwokotesha kinyesi cha mbwa wao asubuhi nzima, mabinti zake wakitazama wakiwa garini, kisha wakamwambia hakuna nafasi. Nimesema kinyaa, na sikukosea neno.

Februari 2022 alipatikana na saratani ya kongosho. Mwezi uliofuata, klabu ndogo ya milimani ilimpokea, na mwenyekiti wake, Bi Maureen, alimuuliza jambo moja tu, majina ya mbwa. Jumamosi tarehe 2 Julai, akiwa amekonda, alikimbiza skuta kilomita nne katika mashindano ya klabu hiyo, akawa wa tatu, na Chebet anasema hajawahi kumsikia baba yake akipiga kelele kiasi kile. Alifariki tarehe 9 Agosti 2022.

Alhamisi iliyopita klabu ya kwanza ilituandikia ikimwita "rafiki yetu mpendwa", ikiomba picha yake akiwa na mbwa ili iiweke kwenye ukurasa wa klabu mtandaoni. Jerotich amewajibu kwa neno moja, hapana.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, majirani wa Penrith, na Bi Maureen, aliyeketi pale nyuma na wale mbwa wawili, ambao sasa anawatunza yeye.

Kaka, umechoka, lala sasa kwa amani.