Anatafutwa Mtoto wa Miaka Saba

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Fundi Pancha, penye lundo la matairi. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo, kwa hiyo nasikia yote na nawavumilia wote. Wakaaji ni watatu: Bwana Afya, aliyekuwa mlinzi wa geti la hospitali akastaafu na udaktari kichwani, Mzee Taarifa, asiyetengana na redio yake, na Kinyozi, ambaye mdomo wake una kazi nyingi kuliko mashine yake. Fundi mwenyewe huongea huku anaziba mipira, na binti yake wa miaka saba hukaa chini miguuni pake, akipanga vizibo vya soda. Binti ana usonji. Hasemi neno. Jumamosi hiyo alikuwa amevalishwa gauni safi, na baba yake hakuwa amegusa tairi hata moja, nikajua kuna jambo.

— Leo gari la wale watu wa utafiti wa usonji linakuja kutuchukua, Fundi akasema. Nimejitolea. Nimekubali mwanangu ashiriki.

— Hapo umefanya la maana! Bwana Afya akapiga paja. Sayansi haisogei bila watu kujitolea. Mimi nimekaa hospitalini, najua.

— Ulikaa getini, Kinyozi akamkumbusha.

— Na bila geti ungeingilia wapi?

— Mkono mmoja haulei mwana, akasema Mzee Taarifa. Fundi, huyu ni mtoto wetu sote. Nenda, tuko nyuma yako.

— Nyuma tu? Tuko mbele! Kinyozi akadakia.

Fundi akajifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

— Nashukuru sana. Maana nina shida moja. Kila mtoto mwenye usonji anatakiwa aende na mwenzake asiye nao, wa umri wake, wa mtaa huuhuu. Wanawalinganisha. Wanavalishwa kofia yenye nyaya, wanasikilizishwa sauti, wataalamu wanaona ubongo unavyoitikia. Hakuna sindano. Mzazi anakaa palepale, na akitaka kumtoa mtoto wake, anamtoa. Mwisho ni leo. Nikikosa mtoto wa pili, nafasi anapewa mwingine.

Macho yote yakarudi vikombeni. Bwana Afya ana mapacha wa miaka saba. Mzee Taarifa analea mjukuu wa umri huohuo. Wa Kinyozi ndiyo kwanza ametimiza saba. Mimi wangu wameshaota ndevu, na sitadanganya, nilishukuru.

— Hiyo kofia, Kinyozi akaanza polepole, inatumia umeme?

— Inasikiliza tu. Haipeleki kitu kichwani.

— Hata simu inasikiliza tu, lakini ikikaa sikioni sana, sikio linapata moto.

— We huna hoja, Bwana Afya akamkatiza. Umeme si tatizo. Tatizo ni huko kulinganisha. Chukua betri nzima na betri iliyokufa, ziunganishe kwa waya. Nini kinatokea? Ile nzima inashuka! Wanachota akili huku, wanatia kule.

— Kila mtoto ana kofia yake, Bwana Afya.

— Na chumba?

— Chumba ni kimoja.

— Si umeona!

Mzee Taarifa akakohoa. Akikohoa hivyo, ujue redio imesema.

— Nimesikia huko mbali wanatengeneza mashine za kufikiri. Sasa zimeishiwa mawazo. Wanatafuta ya watoto, maana bado mapya.

— Ndiyo maana wanataka wa miaka saba! Kinyozi akaruka. Akili haijatumika!

— Yako hata leo haijatumika, nikamwambia.

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyepakia mzigo kwenye gari ambalo si lake.

— Kinyozi, wako na wangu walizaliwa wiki moja. Mama zao walikuwa wanasindikizana kliniki.

— Najua, kaka. Ingekuwa juu yangu, ningekuwa nimeshampandisha garini. Lakini mama yake unamjua. Halafu Jumatatu ana mtihani.

— Mtihani wa darasa la kwanza?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, kaka.

Methali hiyo haikuwa na kazi yoyote pale, ila ilimpa mahali pa kujificha.

— Bwana Afya, wewe unao wawili.

— Hapo ndipo pagumu. Mapacha hawatenganishwi. Ukimpeleka mmoja, mwingine anaugua. Ni sayansi hiyo.

— Basi wapeleke wote.

— Wote! Unataka unimalizie ukoo?

Fundi akamgeukia Mzee Taarifa, akachuchumaa mbele yake.

— Baba, nakuomba mjukuu wako. Nitambeba mgongoni mwenyewe, nimrudishe mgongoni.

Mzee akapunguza sauti ya redio, jambo asilolifanya hata kwa tangazo la msiba.

— Mwanangu, nisikufiche. Watu watamwona anapanda gari lile. Watasema kumbe hata kwetu usonji upo. Na samaki mmoja akioza...

Hakumalizia. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Yule binti alikuwa anaimba kwa pua, hatua moja tu kutoka kwenye kiatu cha mzee.

— Hauambukizi, Baba. Amekaa miguuni penu tangu anatambaa. Nani kati yenu ameambukizwa?

— Si kuambukizwa. Ni maneno ya watu.

— Watu gani?

Mzee akatazama barabarani, kana kwamba watu wenyewe wangetokea.

— Mnajua ninachotafuta? Sauti ya Fundi ilikuwa imeshuka. Huyu alikuwa ananiita. "Baba, baba," kutwa nzima, mpaka namwambia aninyamazie nifanye kazi. Siku moja akanyamaza kweli. Kila ninakokwenda naambiwa ningoje mtaalamu. Hawa wanaye, na akiingia kwenye utafiti watamfuatilia mwaka mzima. Sisemi apone, jamani. Nataka mtu mmoja tu anieleze mwanangu ana nini humo ndani.

— Mungu yupo, Kinyozi akakiambia kikombe chake.

— Yupo. Ila mimi leo natafuta mtoto wa miaka saba.

Gari likafika. Akashuka dada mmoja, akampa mzee shikamoo, akatusalimu wengine. Alichuchumaa mbali kidogo na binti, wala hakumgusa. Akangoja binti amalize mstari wake wa vizibo, kisha akainuka akitabasamu.

— Haya, huyu yuko tayari. Mwenzake ni yupi?

Bwana Afya akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Kinyozi akakumbuka kuna mteja. Mzee Taarifa akaongeza sauti ya redio.

Ng'ambo ya barabara watoto walikuwa wanafukuza mpira wa makaratasi. Dada akawatazama.

— Ni mmoja wa wale?

Walikuwepo wote pale: mapacha wawili, mjukuu, na mtoto wa Kinyozi akiwa golini. Nami nilikuwa na mdomo, nikanyamaza.

— Hana, dada, Fundi akasema.

— Hata kama ni wa jirani...

— Hana.

Dada akaomba radhi, akarudi garini. Gari likaondoka. Fundi akakaa chini kwenye vumbi karibu na mwanawe, akamkunjia pindo la gauni lisichafuke. Binti hakugeuka.

Gari lilipopinda kona, Bwana Afya akashusha pumzi.

— Afadhali. Watu wale si wa kuaminiwa. Hebu tuongezee kahawa.

Vikombe vitatu vikanyooshwa, hata cha Kinyozi aliyekuwa na mteja.

— Imekwisha, nikasema.

— Imekwishaje, na birika linafuka?

— Imekwisha.

Nikaimimina yote mtaroni mbele ya macho yao. Haikumsaidia Fundi chochote.