Misumari Sita ya Kifuniko

Sikilizeni, wanangu, na wewe Rut, mjane wa Lazaro, uliyekaa hapo mlangoni kama mgeni, sogea, maana ninalosema leo linakuhusu kuliko wote. Na nikikohoa asinipe mtu maji mpaka nimalize, kwa kuwa neno hili nimelibeba miaka saba na sitaki lirudi tumboni kwa ajili ya funda moja.

Yunis, shamba la mpunga la Bujonde ni lako, na migomba ya nyuma ya nyumba pia, na atakayekuja kukunyang'anya mpigie zile kelele zako, hatarudi. Hilo limekwisha. Lililobaki ni lori lililosimama uani, ambalo wazee wa ukoo wamesema kaka yako Ambilikile huyu, aliyerudi kutoka migodini, asiliguse, kwa kuwa mkono wake ndio uliomuua Lazaro. Kesho wanakaa kuamua. Basi leo nasema mimi.

Baba yenu Yotamu alipotoka vita vya Burma, wenzake walirudi na makoti, yeye akarudi na wazimu wa kuishi garini. Akanunua lori chakavu la jeshi, akalijengea mgongoni nyumba ya mbao yenye kitanda na mahali pa jiko, tukawa tunalala humo tukipeleka mchele Tukuyu, na watu wa Kyela wakicheka, "Mama Lazaro amehamia kwenye banda la kuku." Wacheke. Shida ni kwamba nyumba ile ilifunika vyuma vyote, na gari likiharibika ilibidi mtu alale chini yake matopeni. Ndipo akaikata sakafu katikati, juu ya giaboksi, akaweka kifuniko cha mbao chenye bawaba za raba ya tairi, na kitanzi cha ngozi ya ng'ombe cha kukiinulia. Akatoboa kijidirisha ubavuni, chini ya kitanda, mkono ufike kwenye betri. Akachonga mwanzi mrefu wa kumiminia oili bila kung'oa ubao, akafunga kipande cha kioo kwenye kijiti cha kuchungulia pasipofika jicho. Vitu vya kuokota, vyote. Na siku kifua kilipomzidi hakunipa maneno matamu, alisema tu, "Kifuniko kipo. Asiingie mtoto wangu yeyote chini ya gari hilo." Nikaitikia.

Kisha nikaja mimi na vyungu vyangu. Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, walivileta kwa mitumbwi mpaka Mwaya, nami nikivipanga sakafuni juu ya majani makavu ya migomba. Gari likiruka, kifuniko nacho kinaruka, chungu kinapasuka. Safari moja nilifika Tukuyu na vigae vitupu. Kwa hasira nikachukua nyundo ya marehemu, nikakipigilia misumari sita ya inchi nne, nikapanga vyungu juu yake, nisimwambie mtu.

Masika ile, kwenye udongo mweusi wa Bujonde, gia ikanasa, haiingii wala haitoki. Lazaro akasogeza vyungu, akavuta kitanzi, akaona vichwa vya misumari. "Mama, nani kafanya hivi?" Nikamwambia, "Mimi. Na acha vyungu vyangu, mvua inakuja. Pita chini kama madereva wenzako, au wewe ni bibi harusi?" Rut, hilo ndilo neno la mwisho mumeo alilolisikia kwangu. Akacheka, akavua shati. Ambilikile akasema udongo ni laini, tungoje ukauke, nami nikamwita mwoga. Basi akaweka jeki juu ya ubao wa kitanda, Lazaro akaingia chini, na ubao ukazama upande mmoja polepole, bila kishindo, lori likamlalia kifuani. Hata chungu kimoja hakikupasuka siku ile.

Boma liliandika ajali likaenda zake. Lakini mnajua kwetu matanga hayavunjwi mpaka wazee waulize kifo kimetoka wapi, na kila aliyekuwepo aseme mbele ya watu. Ninyi mkiwa kaburini, mimi niliyesemekana nimezimia nilipanda ndani ya lori, nikang'oa misumari kwa koleo, nikaziba matundu kwa nta na masizi. Ambilikile akawaambia wazee kifuniko kilikuwa kimepigiliwa. Wakaenda, wakakivuta, kikafunguka kama mlango wa kanisa. Wakaniuliza. Nikasema, "Misumari gani?" Mwanangu akanitazama, na wiki ile akaenda migodini kusini, na wewe Rut ukatema mate alipopita, na mimi niliona, nikaendelea kupepeta mchele. Sikuogopa wazee. Niliogopa macho yako.

Kwa hiyo shikeni haya. Chini ya kitanda hiki kuna chungu kidogo chenye majivu. Rut, tia mkono, hesabu. Sita. Kesho uiweke misumari hiyo mbele ya wazee kwa mkono wako mwenyewe, useme nani alikupa. Lori ni la Ambilikile. Sharti ni moja: juu ya kifuniko pasiwekwe kitu, wala gunia, wala mkeka, wala mtoto aliyelala. Mimi mnizike Talatala kwa mama yangu, si kando ya Lazaro; sistahili kulala karibu naye mpaka nimwombe kwanza huko niendako. Msamaha siuombi hapa. Atakayenipa, anipe nikiwa sipo, nisije nikajibu ovyo.

Ambilikile, baba, nenda uani. Panda. Uache mlango wazi, nisikie. Yunis, acha kulia, unanizibia masikio.

Bado... Ngoja. Vuta kitanzi.

Haya. Ndio huo mlio, ubao ukigonga ubao. Baba yenu alikuwa akikifungua hivyo kila asubuhi, hata gari likiwa zima.

Rut, umekwenda wapi... Yunis, amekwenda wapi? Uani? Amesimama naye? Vizuri. Usiwaite.

Kyala, Mungu wetu, awatunze wote wawili, na wewe, na mpunga wako. Mikono yenu isikose mahali pa kupita. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Nimemaliza.

Sasa... yale maji.