Kompyuta ya Digrii Yavuka Mpaka

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa nyuma wa lori lililokufa zamani, umelazwa juu ya matairi mawili, upande wa Kenya wa mji wa Busia, karibu kabisa na geti la kuingilia Uganda. Ukiketi mwisho wa kushoto unaona malori yamejipanga kuelekea Tororo. Ukiketi mwisho wa kulia unaona birika la Mugeni, na kwa hiyo wengi walipenda kulia. Hapo ndipo Gavana, mbadilisha pesa ambaye hajawahi kugombea hata uenyekiti wa chama cha maziko, alipotolea hukumu zake. Hapo ndipo Okiror, mwendesha baiskeli ya abiria kutoka Kisoko, aliposubiri watu wa kuvusha. Walimwita Pasipoti kwa kuwa hana. Na hapo ndipo asubuhi hiyo alipoketi Oundo, wakala wa forodha, waliyemwita Digrii kwa kuwa anayo. Miguuni pake kulikuwa na mfuko wa sukari, na ndani ya mfuko laptopu, imetulia kama kuku anayepelekwa sokoni.

Laptopu hiyo ilikuwa imefika siku yake ya hukumu. Kila jioni ilijizima, Oundo akiwa hajamaliza hati za malori, na mwenye mzigo mmoja alikuwa amekwisha kumwambia waziwazi kwamba lori lake likilala getini tena, atatafuta wakala mwingine. Iliyoizima ni programu ya kuwapimia watoto muda wa kompyuta, na aliyeiweka ni Syprose, mke wa Oundo, mwalimu wa kompyuta. Nenosiri alilijua yeye peke yake. Syprose alizikwa kabla ya mvua kuanza. Sasa Paddy, fundi wa kompyuta, alikuwa ameahidi kupita hapo benchini aifute mashine yote, ianze upya.

— Naona hukumu imefika, alisema Gavana. Digrii, bado inazima?

— Inazima, alisema Oundo.

— Vizuri sana. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na kompyuta.

Mugeni alimchapa begani kwa kitambaa cha kushikia birika.

— Wewe Gavana, una akili kweli? Kaburi la mama yao halijaota hata nyasi!

— Pole, omera, ndugu yangu. Methali imetangulia, mimi nikafuata.

— Si neno, alisema Oundo, na hakika halikuwa neno. Watu wengine, tangu msiba, walikuwa wakimsemesha kwa sauti ya kanisani. Benchi lilimsemesha kama zamani, na ndiyo sababu alikuja.

— Mimi mpaka leo nashangaa, alisema Pasipoti. Ile siku tulivusha yeye, mimi nilijua hii programu imebaki Kenya.

Hilo lilikuwa jambo la wiki iliyopita. Gavana alikuwa ametoa hoja kwamba programu iliyowekwa Kenya haina mamlaka Uganda, kama vile polisi wa huku anavyofika getini akageuza kichwa cha gari. Oundo alijua hoja hiyo haina miguu. Hata hivyo alipanda nyuma ya baiskeli ya Pasipoti, laptopu mapajani, wakavuka hadi kibanda cha chapati za mayai upande wa pili, akafungua hati zake mbele ya moshi na akafanya kazi. Jioni ilipofika, mashine ilijizima palepale, na muuza chapati akawapa pole.

— Kosa letu tulipita getini, alisema Gavana. Askari akatutazama, akatupitisha sote, na programu ikahesabiwa humohumo. Tungepita njia ya panya ingepotea kwenye mahindi.

— Hapana, ssebo, alisema Pasipoti. Mimi najua nani alituuza. Ni simu.

— Simu gani?

— Ya Digrii. Si tulivuka tu, ikalia? “Karibu Uganda.” Basi hii programu ikasikia. Ikajua tuko wapi. Mtandao ndio msaliti.

— Mimi nasema ni betri, alisema Mugeni akimimina. Kikulacho ki nguoni mwako. Toeni hiyo betri, mwianike juani kama omena. Ikikauka, kiburi kimeisha.

— Mama, betri haina kiburi, alisema Pasipoti.

— Wewe umeshaona betri ngapi zimeanikwa?

Gavana alikohoa. Alipokohoa hivyo, hata wapita njia walijua kwamba kuna taarifa kutoka juu.

— Skizeni niwape siri. Huko Ulaya kuna mwanamke ameketi ofisini, ofisi ya vioo. Mbele yake ameweka saa ya Busia. Kazi yake ni moja tu. Jioni ya Busia ikifika, anabonyeza. Kwa Digrii, giza.

— Analipwa? aliuliza Pasipoti.

— Na nyumba anapewa.

— Kwa kubonyeza?

— Na bima.

— Mimi naomba hiyo kazi. Jioni ya Busia mimi najua kuliko yeye.

— Hakuna mwanamke, alisema Oundo.

Alisema haraka kuliko alivyokusudia. Akaweka kikombe chini.

— Kile mnachokiona kwenye kioo ni dirisha tu. Ukilifunga, umefunga dirisha, basi. Programu yenyewe inafanya kazi kwa nyuma, ndani ya mfumo wa mashine. Mashine ikiwashwa, yenyewe inaamka kwanza, kabla ya mtu yeyote kuingia. Haina haja ya kuonekana. Inajua kila mmoja ameketi muda gani. Na huwezi kuinyamazisha bila ruhusa ya aliyeiweka.

Aliyasema hayo kwa utaratibu, kama mtu anayesoma kanuni za forodha. Yalipomrudia masikioni, yalikuwa habari za mtu, si za mashine. Akachukua kikombe chake tena ingawa kilikuwa kimebaki machicha.

— Kumbe ni mke mkubwa! alisema Gavana.

Mugeni akainua kitambaa. Gavana akahamia upande wa kushoto wa benchi, upande wa malori.

Kuna mambo ambayo Oundo hakuwaeleza. Hakuwaeleza kwamba mashine, kabla ya kujizima, huandika mstari mmoja kwenye kioo, maneno ambayo Syprose aliyaandika mwenyewe: *Imetosha. Chakula kinapoa.* Wala hakuwaeleza kwamba jioni hizi, akisoma mstari huo, huinuka kweli, huenda hadi jikoni na kusimama pale.

Paddy alifika akiwa na haraka, flashi inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

— Habari zenu, wazee. Mgonjwa yuko wapi? Mimi nakwenda Nagongera, leo ni siku ya soko, simu zilizoanguka zinanisubiri huko.

Oundo akaitoa laptopu mfukoni. Paddy akaiweka magotini, akaiwasha, akachomeka flashi.

— Hati zako umezitoa?

— Zote.

— Picha?

— Nimezitoa.

— Basi hii saa hizi itakuwa kama mtoto aliyezaliwa leo. Haitamjua mtu.

— Futa, kijana! alisema Gavana kutoka kushoto. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo futa sasa hivi, tumalize.

— Kwani hawa watoto wako ni wakorofi hivyo?

Aliyeuliza alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyemjua. Jina lake Atai, alitoka Kiyeyi kusagisha gunia la wimbi, na alikuwa akimngoja Pasipoti amalize kahawa ili amvushe kurudi. Mugeni alikuwa amempa kikombe, na yeye alikinywa kwa adabu ya mgeni, akisikiliza.

— Si wakorofi, mama, alisema Mugeni. Caro na Lenox? Watoto wazuri sana.

— Wako wapi?

— Wako bodi, wanalala shuleni, Tororo. Shule zimefunguliwa.

— Wote wawili?

— Wote.

Atai akaipuliza kahawa yake.

— Sasa jioni hii kompyuta inazimia nani?

Gavana akatoa noti zake, akaanza kuzihesabu upya. Pasipoti akainama kuminya tairi ambalo lilikuwa na upepo wa kutosha. Mugeni alimtazama Oundo, kisha akaitazama laptopu, kisha akamtazama Oundo tena, taratibu. Kidole cha Paddy kilisimama hewani.

— Mimi, alisema Oundo.

Akakisukuma kikombe chake kando, akaendelea.

— Watoto walipokwenda bodi, mama yao akaihamishia kwangu. Nilikuwa naleta malori mezani pa chakula. Alisema nyumbani amebaki mtoto mmoja, na huyo ndiye mkaidi.

Gari moja la mizigo liliunguruma, likasogea hatua kidogo, likasimama.

— Mzee, alisema Paddy kwa sauti ya chini, nibonyeze ama nisibonyeze?

— Unaweza kuiongezea nusu saa tu? Iniachie nusu saa ya hati, halafu inizimie kama kawaida.

— Bila paswadi, hapana. Ama ibaki yote, ama iondoke yote.

Oundo akafikiri. Alifikiri kama alivyozoea, akiweka hili upande huu na lile upande ule: lori la yule bwana getini, na mstari ule kwenye kioo.

— Basi iache.

— Na lori? Gavana aliuliza, na safari hii hakukohoa kwanza. Yule mtu wa mzigo hatanii, omera.

— Nitaanza kazi alfajiri, kabla geti halijachangamka. Hicho ndicho Syprose alichokuwa anataka, nami nikabisha mwaka mzima.

Paddy akachomoa flashi, akamrudishia mashine kwa mikono miwili. Atai aliyatazama haya yote kama mtu aliyevunja sahani ya wenyeji.

— Baba, nisamehe. Mimi niliuliza tu.

— Umeuliza vizuri.

— Na ikizima inasema kitu?

Oundo aliwaambia. Aliwaambia maneno yote matatu, bila kuongeza wala kupunguza.

— Na chakula kipo? aliuliza Atai.

Mugeni aliinamisha birika juu ya kikombe cha Oundo. Likatoa tone moja, kisha machicha. Akaliweka chini, akafuta mikono.

— Mama wa Kiyeyi, hilo gunia lina wimbi ya kutosha ugali?

— Tena imesagwa.

— Nipimie. Digrii, sikiliza. Leo ikikuzimia, usisimame jikoni kwako kama mwizi. Vuka barabara uje kwangu, ule na mzee wangu. Utakikuta cha moto.

Oundo alimtazama, akashangaa amejuaje habari za jikoni. Kisha akaitikia kwa kichwa.

— Na sisi je? alisema Gavana.

Mugeni alikuwa amekwisha kujitwika birika lake.

— Ninyi nani amewazimia?