Sitini na Nne

Simu ya Allan ilizimika kabla basi halijaingia Jeddah, kwa hiyo fundi huyo wa umeme akaanza kuchungulia ya jirani yake. Huyo alikuwa Monicah, mama wa makamo anayefanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Safa. Kwenye kioo, vijana wa chuo kimoja cha Marekani, wenye helmeti, walikimbia na mpira wa Kimarekani mikononi, wakagongana, wakaangukiana lundo moja. Wakaamka, wakarudia yale yale.

"Mama, hii timu yako haijui kurusha?" Allan alichokoza. "Wenzao hurusha mpira ukapaa kama ndege. Hawa wanasukumana kama foleni ya kibali cha ikama. Inaboesha!"

"Ni tamu. Wewe hujui kuangalia."

"Utamu wa kusonga hatua tatu tu?"

"Yule wa jezi sitini na nne ni Vincent wangu," Monicah alisema bila kubandua macho. "Kazi yake ni kuwafungulia wenzake njia, mpira wenyewe haugusi. Wakirusha, kamera inaufuata mpira, inamwacha mtoto wangu nyuma. Wakikimbia, inabaki naye. Mwaka wa nne huu, ninamwona hapa tu."

"Bado inaboesha," Allan alisema, huku akisogea karibu.

Vijana wakaangukiana tena, Vincent chini kabisa. Basi likasimama.

"Yalla, shukeni, Al-Safa!" dereva akaita.

Monicah akainuka na mkoba wake, macho kwenye simu.

"Bosi, ngoja kidogo!" Allan akapaza sauti. "Sitini na nne hajaamka."